Pweza, mikoko au mwani: kijiji cha pwani yetu kianze na lipi?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na viongozi wa BMU, vile vikundi vya kijiji vinavyosimamia uvuvi, kuanzia Somanga mpaka Msimbati, pwani ya Lindi na Mtwara, na karibu kila mara huja vilevile: "Mwalimu, tumepata fedha kidogo na watu wana moyo. Tuanze na nini?" Ukikaa nao kidogo unakuta mambo matatu yanagombaniwa. Wazamiaji wamesikia habari za kufunga kipande cha mwamba ili pweza wakue. Mwenyekiti anataka kupanda mikoko, kwa kuwa kijiji cha jirani kilipanda na wakubwa wakaja. Akina mama, ambao mkutanoni husubiri wanaume wamalize, wanataka kamba na mbegu za mwani.

Yote matatu yanaitwa uhifadhi, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. La kwanza ni kanuni: watu wanakubaliana kutofanya jambo fulani kwa miezi kadhaa. La pili ni msitu, na msitu huo una mwenyewe. La tatu ni kilimo, tena kilimo chenye mnunuzi anayepanga bei. Ukiyapima kwa mzani mmoja utajidanganya.

Jibu langu nalitoa mapema, asiye na muda aishie hapa. Kama kijiji chenu kina mwamba unaotoka maji yakikupwa, na unaonekana kutoka ufukweni, anzeni na pweza. Mwani uende sambamba kama mna pa kuulima. Mikoko, mara nyingi, msiipande. Ifungulieni maji ijipande yenyewe. Kama hamna mwamba, yaani mko ndani ya mkono wa bahari kama zile sehemu za ghuba ya Lindi ambako mto Lukuledi unamwaga tope lake, rukeni habari ya pweza mwende moja kwa moja kwenye mikoko.

Kwanza, saa

Kabla ya kulinganisha chochote, tazameni saa. Kwetu bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena saa kama hizo usiku. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Hapo ndipo mwamba unapotoka, na wanawake wanashuka na vijiti vyao vya ncha ya chuma, ndoo kichwani, kanga imefungwa juu ya magoti. Yakija maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana, mwamba haushikiki, waingie wenye miwani na mitumbwi tu.

Sasa mkulima wa mwani wa kamba na mambo, yaani vijiti vya kuchomeka mchangani, naye anayasubiri maji hayohayo ya bamvua, ili afunge, apalilie, avune. Ni mtu mmoja na miguu miwili na saa mbili tatu tu kabla maji hayajaanza kujaa. Mradi unaomtaka mama yuleyule achokoe pweza, afunge mwani na ahudhurie semina ya mikoko kwenye bamvua moja umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulowa.

Lakini ligeuze jambo hilo upande wa pili. Mwamba ukifungwa, zile saa zinabaki wazi. Yule mama hana pa kuchokoa, na muda anao. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niseme pweza na mwani vinakwenda pamoja, ingawa kwenye makaratasi ya wafadhili kila kimoja huwa na faili lake.

Pweza: kufunga ili kufungua

Pweza wetu wa mwambani haishi muda mrefu. Mwaka mmoja, au mwaka na miezi michache, basi. Ila anakua kwa kasi ya ajabu: akiwa katika umri wa kukua anaweza kuongeza uzito mara mbili ndani ya mwezi mmoja hivi. Fanya hesabu ya kijiweni. Pweza wa gramu 400 leo ni pweza asiyeruhusiwa hata kuuzwa, kwa kuwa kanuni za uvuvi zinakataza walio chini ya gramu 500. Mwache mwezi mmoja, anakaribia gramu 800. Mwache wa pili, anakaribia kilo na nusu. Hakuna mtu aliyempa chakula wala aliyemnyeshea maji. Sikijui kitu kingine baharini kinacholipa hivyo kwa kuachwa tu.

Njia hii ilijulikana sana kuanzia Andavadoaka, kijiji cha wavuvi kusini magharibi mwa Madagaska, walipofunga eneo lao mwaka 2004. Baadaye ikaenda Rodrigues, ikaja Zanzibar na sehemu nyingine za pwani ya Afrika Mashariki. Hawakufunga bahari nzima. Kinachofungwa ni kipande, robo ya maeneo ya kuchokoa au chini yake, kwa miezi miwili au mitatu. Sehemu nyingine watu wanaendelea kama kawaida. Hilo lisemwe mapema mkutanoni, maana mtu akisikia neno "kufunga" anaona njaa mlangoni.

Kuna habari nyingine ya pweza ambayo wazee wanaijua kuliko wataalamu. Mama yangu mdogo, aliyenifundisha kuchokoa, alikuwa akitembea juu ya mwamba akitazama mawe. Pweza hupanga vijiwe na maganda mlangoni kwa pango lake, kama mtu aliyefagia uwanja. Siku moja nikaona pango limezibwa kwa mawe karibu lote, nikafurahi, nikaingiza kijiti. Akanishika mkono. Akaniambia niiname nichungulie. Ndani palikuwa na vishada vinaning'inia darini, vyeupe, kama mchele uliotungwa kwenye uzi, na pweza mwenyewe kajibanza, rangi imempauka. "Huyo mwache. Hana nyama, kajimaliza kwa wanawe." Ni kweli tupu: jike akishataga hukaa na mayai yake wiki kadhaa bila kula, anayapulizia maji, na yakianguliwa naye anakufa. Ukimtoa kabla, umepata nyama ya maji na umeua kizazi kizima.

Tusidanganyane hapa lakini. Watoto wale wakianguliwa huelea na mkondo wiki nyingi kabla ya kutua. Hawatatua kwenye mwamba wenu. Wa kwenu watatua kwa jirani, na wa jirani huenda wakatua kwenu. Kwa hiyo faida ya kijiji kinachofunga peke yake ni uzito, wale wadogo waliokuwa pale kukua. Faida ya mayai ni ya pwani nzima, na itaonekana pale vijiji vinne vitano vitakapofunga. Ukimwahidi mtu kwamba mwamba wake utajaa pweza wengi mara dufu kwa kufunga mara moja, atakudai.

Linalovunja njia hii ni wizi. Nilikuwapo kijiji kimoja kilipofunga vizuri kabisa: maboya, ubao, sheria ndogo, shehe kaomba dua. Walisahau jambo moja. Hawakuwaambia wavuvi wa dago waliopiga kambi upande wa pili wa rasi. Wiki ya saba, bamvua la usiku, tochi zikaonekana juu ya mwamba kama soko. Asubuhi palibaki mawe yaliyopinduliwa. Mzee mmoja wa ulinzi aliniambia alizihesabu zile tochi akiwa barazani kwake, na boti ya doria haikuwa na mafuta. Kijiji hicho hakijafunga tena mpaka leo.

Ndiyo maana nasema mwamba muufungao uwe ule unaoonekana kutoka kijijini, hata kama si ule wenye pweza wengi. Mwamba wa mbali wenye neema ni wa wenye mashine. Wa karibu unalindwa na macho ya watu waliokaa tu: mshona nyavu, muuza vitumbua, watoto wanaocheza mpira.

Na siku ya kufungua nayo ina mitego yake. Watu mia wakikanyaga mwamba mmoja asubuhi moja, matumbawe yanavunjika. Pweza wakitoka wengi siku moja na mnunuzi ni mmoja, bei inaanguka kabla jua halijafika utosini. Wazamiaji wakiruhusiwa kuingia tangu alfajiri, wanawake wakifika maji yakishakupwa wanakuta mapango matupu. Haya matatu yanatatulika kwa mdomo tu, kabla ya siku yenyewe: saa ya kuanza ijulikane na filimbi ipulizwe, wenye miguu waachiwe mwamba wa juu na wenye miwani waende kina, na wanunuzi waitwe wawili watatu na barafu yao, bei ikubaliwe wakati pweza bado yuko majini. Mwenye kuwa na kitu mkononi hana nguvu ya kupatana, hasa pweza, ambaye jua la saa saba halimsubiri.

Mikoko: iliyopandwa na iliyoachwa

Hapa ndipo nagombana na watu wengi, na wengine ni rafiki zangu.

Kupanda mikoko ni kazi nzuri kupiga picha. Mbegu ya mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya miguu mingi, huanguka ikiwa imeshaota: kijiti kirefu cha kijani, kinaweza kufika urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko. Unakichomeka kwenye tope, umemaliza. Watu hamsini wanaweza kujaza uwanja asubuhi moja. Kwa sababu ya urahisi huo, mkoko hupandwa kila mahali, hata pasipo pake.

Misitu hii ina mpangilio wake. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, husimama mliana. Nyuma yake mkoko. Kisha msinzi na mkandaa, na kuelekea nchi kavu kwenye chumvi kali unakuta mchu. Mkomafi na msikundazi hupenda pembeni mwa mito, maji baridi yanapofika. Kila mti unajua maji yamfunike mara ngapi kwa mwezi. Ukiuchomeka mkoko kwenye uwanda wa chini, pale wanawake wanapochimba chaza na nyasi za bahari zinapoota, maji yataufunika muda mrefu kuliko uwezo wake. Nimeshuhudia upandaji wa namna hiyo upande wa Mikindani. Mistari ilinyooka kama shamba la muhogo, fulana mpya, hotuba. Bamvua la pili baada ya hapo nilipita nikakuta vijiti vimelala, na vilivyosimama vimevaa maganda yale magumu yanayonata chini ya mitumbwi, vizito mpaka vimepinda. Nyasi za bahari zilizokuwa pale zilikanyagwa siku ile zikafa nazo. Kwa hiyo tulipoteza viwili. Sri Lanka walipitia hayohayo kwa mapana yake baada ya tsunami ya 2004: maeneo mengi yaliyopandwa hayakusimama.

Ninachopendekeza ni kutafuta mahali ambapo mikoko ilikuwapo, kisha kuuliza kwa nini haipo. Kwenye pwani yetu ya Lindi na Mtwara jibu mara nyingi ni chumvi. Watu walikata mikoko, wakajenga matuta, wakafungia maji yakauke. Mabwawa mengi bado yanafanya kazi na yanalisha familia, hayo siyasemi. Ila kuna mengine yameachwa, matuta yamesimama, ndani ni tope jeupe lililopasuka. Pale hapahitaji mche. Panahitaji majembe na watu ishirini, kubomoa tuta pale kijito cha zamani kilipokuwa kikipita. Maji yakirudi, mbegu zinakuja nayo, na kila mti unachagua mahali pake mwenyewe. Anza na kumtafuta mwenye bwawa, maana lililoachwa na watu si lazima liwe limeachwa na mwenyewe. Mwaka wa kwanza hamtaona kitu cha kumwonyesha mgeni. Wa pili mtaona vichipukizi vya mchu vimetawanyika ovyo, bila mistari. Huo uovyo ndio dalili njema.

Upande wa sheria, mikoko ina ugumu ambao pweza hana. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, tangu enzi za mkoloni, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kijiji kinaweza kuupanda, kuulinda, hata kuingia mkataba wa usimamizi wa pamoja chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Lakini boriti moja haikatwi bila kibali. Mwambieni kijana anayepanda leo ukweli huo, asije akadhani anajipandia boriti za nyumba yake ya baadaye. Hata angeruhusiwa, boriti ya maana ni miaka kumi na zaidi.

Kuhusu hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayoifyonza, kila mtu siku hizi ananiuliza. Mfano wa kweli ulio karibu nasi ni Mikoko Pamoja, ghuba ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya. Tangu 2013 wanauza hewa ukaa ya hekta 117 hivi, na fedha zimeingia kwenye maji na shule za vijiji viwili. Ni mfano mzuri. Nyuma yake kulikuwa na watafiti waliokwishaipima ile mikoko kwa miaka mingi, na makubaliano ya maandishi na serikali kuhusu nani anapata nini. Akija mtu na karatasi ya hewa ukaa kijijini kwenu, muulizeni kwanza kama ameshaonana na TFS.

Na kinga dhidi ya vimbunga? Ipo. Mikoko inavunja wimbi, inashika udongo, na wazee wa Lindi waliosimuliwa kimbunga cha 1952 hawahitaji kushawishiwa. Lakini msiitwishe kazi isiyo yake. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika Somanga kwa mafuriko ya mvua. Maji yaliyotoka bara hayazuiwi na mikoko ya pwani.

Mwani: shamba lenye mkia wa mamba

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza kushika Zanzibar mwaka 1989 na baadaye kikaja kwetu bara. Kuna aina mbili: spinosamu, mgumu, bei ndogo, na kotonii, bei nzuri lakini mlegevu wa afya. Unachomeka mambo, unafunga kamba, unaning'iniza mbegu kwa taitai, na baada ya siku 45 hivi unavuna na kuanika. Kinachotolewa ndani yake huingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vitu kadhaa ambavyo aliyelima havioni.

Sifa yake kubwa ni kwamba fedha inaingia mkononi mwa mwanamke, inajulikana ni yake, na inarudi kila baada ya mwezi na nusu. Kasoro zake zinajulikana pia. Maji yakipata joto kali wakati wa kaskazi, mwani hupauka, hulainika na kukatika, na kotonii ndiyo ya kwanza kufa. Mnunuzi huwa mmoja. Mgongo na macho vinalipa kodi.

Lakini ni uhifadhi? Hapo tuwe wakweli. Mwani hautunzi kitu peke yake. Unasaidia kwa kumtoa mtu kwenye mwamba au kwenye kutanda na vyandarua, na hilo hutokea tu kama kuna makubaliano kwamba atatoka. La sivyo mume anabaki na mwamba na mke anaongeza mwani, na bahari inabeba vyote viwili. Zaidi ya hapo, shamba linaweza kuwa na madhara yake. Mambo zile zinatoka wapi? Mara nyingi ni fito za mkandaa. Kikundi cha watu arobaini, kila mmoja na kamba zake, mambo zikioza zibadilishwe: huo ni msitu unaohama kutoka mtoni kwenda baharini. Nimekuta kijiji kina mradi wa kupanda mikoko upande huu na mradi wa mwani unaoikata upande ule, na katibu wa vyote viwili ni yuleyule. Mambo za mwarobaini au mikaratusi kutoka mashambani hutosha. Na shamba lisiwekwe juu ya nyasi za bahari zilizositawi, ambako changu na tasi wadogo hujificha na kasa hula. Tafuteni mchanga mtupu.

Yakisimama pamoja

Kwa upande wa muda, pweza analipa baada ya miezi miwili au mitatu, mwani mwezi na nusu, mikoko miaka. Mtu wa kawaida kijijini humvumilia kiongozi wake msimu mmoja. Hilo pekee linanitosha kuiweka mikoko nyuma kwa kijiji ambacho hakijawahi kusimamia kanuni yake chenyewe.

Kwa upande wa fedha, kufunga mwamba ndiyo rahisi kuliko zote: maboya, mbao mbili, posho ya ulinzi, filimbi. Mwani unahitaji mtaji wa kamba na ukikosewa mtaji huo unaelea ukaenda zake. Kubomoa tuta ni jasho tu, ila kibali na vikao vya kumtafuta mwenye bwawa vinaweza kula mwaka.

Kwa upande wa sheria, pweza yuko karibu na mikono yenu. BMU inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha sheria ndogo, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Afisa uvuvi awepo tangu kikao cha kwanza. Faini iandikwe kiasi ambacho mtu anaweza kukilipa. Nimeona faini kubwa mno ambayo hakuna aliyethubutu kumtoza mtoto wa shemeji yake.

Ni nani anayeumia? Swali hili huwa halijibiwi kwenye vipeperushi. Mwamba wa karibu ukifungwa, anayeumia ni bibi asiye na mtumbwi, kwa kuwa mwenye mashine anakwenda mbali. Kwa hiyo bibi ndiye apewe kamba za mwani za kwanza, na kama hawezi tena kuinama, apewe kazi ya mzani siku ya kufungua. Mikoko ikifungwa anaumia muuza kuni na mchemsha chumvi. Shamba la mwani likichukua mchanga, anaumia mchimba chaza, na mara nyingi hajui mpaka siku anapokuta kamba.

Walio ndani ya hifadhi ya bahari

Vijiji vya Msimbati, Ruvula na majirani zao wana jambo jingine. Wako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya 1994, yenye kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Huko maeneo yameshagawanywa kwa ramani, na kufunga mwamba kunapitia kwa uongozi wa hifadhi. Inawezekana, na doria mnayo tayari. Ila anzeni kwao, si mkutanoni, mwenyekiti asije akatangaza jambo likarudishwa mbele za watu.

Kalenda

Mkishachagua pweza, ugomvi utakaobaki ni wa miezi, na hapa kuna makundi mawili. Kijiji kinachotegemea mwani kifunge wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Upepo mkali unapunguza safari za baharini kwa vyovyote, maji yamepoa na mwani unanenepa, na akina mama wana kitu mkononi mwamba ukiwa umelala. Kufungua kunaangukia mwanzoni mwa Septemba, kabla korosho hazijaanza kuokotwa, wakati nyumba nyingi zimekauka baada ya kuhudumia mikorosho.

Kijiji kisicho na mwani lakini chenye mikorosho kifanye kinyume: kifunge mwanzoni mwa Oktoba, minada ya korosho ikianza, kifungue bamvua la kwanza la Januari. Watu wana korosho za kuwashikilia miezi ile, na pweza wakubwa wanatoka wiki ileile ambayo sare, madaftari na viatu vya shule vinatakiwa. Nilipolitaja hili kwenye kikao kimoja Kilwa, baba mmoja aliyekuwa amelala kuanzia ajenda ya pili aliinuka akauliza tarehe.

Tarehe itafuteni kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari, au muulizeni nahodha yeyote wa jahazi. Muhesabu kutoka mwezi mpevu, muone Ramadhani imeangukia wapi mwaka huo, kisha muandike siku mbili ubaoni pale dikoni, ya kufunga na ya kufungua. Zote mbili siku ileile, kwa rangi ya mafuta.